Kibunda cha Mkwe

Kila siku saa nane mchana, gari la miraa lilipoingia stendi likitifua vumbi na kupiga honi kama limebeba mgonjwa mahututi, Raho alikuwa wa kwanza kusimama. Wanawake wengine waligombania magunia. Yeye hakugombania kitu. Wenye gari walimjua, na asiyemjua alifundishwa siku hiyohiyo. Gunia lake likitua chini alilipasua kwa kisu, akachagua vishina vyekundu vya juu, vile laini visivyosumbua jino, akavifunga kwa jani bichi la mgomba na kukaza kamba mara mbili. Kibunda hicho hakikuwa cha kuuzwa. Hata ungekuja na noti mpya za benki, angekuuliza kama macho yako hayaoni vingine.

Kilikuwa cha mkwe wake, Mahat.

Mgeni wa Garissa akiwaona mkwe na mama mkwe wa Kisomali, anaweza kudhani wana kesi. Mahat alikuwa amemwoa Hani, mtoto pekee wa Raho, miaka saba iliyopita, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kumtazama Raho usoni. Akimwona ng'ambo ya barabara, alipinda kichochoro. Wakikutana uso kwa uso kwa bahati mbaya, yeye alitazama ndara zake na Raho akavuta mtandio. Hiyo ndiyo heshima, na wote wawili waliipenda. Lakini Mahat alikuwa dereva wa lori la mifugo, kutoka Griftu hadi Garissa, na dereva wa lori bila miraa ni nadra. Kununua mezani kwa mama mkwe hakukuwezekana. Kununua kwa mwanamke mwingine, wakati mama mkwe ndiye mwuzaji mkubwa wa mtaa mzima wa Waberi, lingekuwa tusi. Raho alilimaliza jambo hilo tangu wiki ya harusi: miraa ya Mahat itatoka mkononi mwake, bure, kila siku, na akiwa safarini kibunda kitamngoja nyumbani.

Aliyeipeleka ni Bare wa bodaboda, mzee wa mvi mwenye mdomo mrefu kuliko barabara ya Wajir. Bare alikwenda na kibunda akarudi na salamu: "Mkwe wako anasema Mungu akuzidishie." Raho alizisubiri salamu hizo kuliko chakula cha mchana. Alikuwa mjane aliyemlea bintiye kwa majani, na siku watu walipomdharau kwa kazi yake, alijiambia kwamba angalau kuna mwanamume mmoja mjini anayetaja jina lake kwa dua.

Mara moja tu mambo hayo yalitikisika. Ilikuwa miezi minane kabla ya ugomvi ninaousimulia. Siku kumi na moja Bare alikwenda na kibunda akarudi mikono mitupu, bila salamu. Siku ya kumi na mbili Hani mwenyewe akaja mezani, akaketi kwenye ndoo, akasema, "Hooyo, mama yangu, usimtumie Mahat tena."

"Kwa nini? Amekasirika?"

"Hajakasirika. Usimtumie tu."

"Unataka akanunue kwa Nunow?" Nunow alikuwa mwuzaji wa meza ya pili, mwenye mabinti watatu wazuri na kicheko cha kuita wateja. "Akanunue pale, binti zake wamkaribishe chai, halafu uje hapa kunililia?"

Hani aliinuka kwenye ndoo, akaondoka. Raho alimwona kama mtu anayetaka kumharibia jina. Mchana uleule alituma vibunda viwili badala ya kimoja, pamoja na ujumbe: kama mkwe wangu ana neno nami, aniambie nimemkosea wapi. Jioni Bare akarudi na salamu ndefu. Raho akalala usingizi mzuri, na jambo hilo akalisahau kabisa.

Sasa ugomvi wenyewe.

Wiki tatu kabla ya Idi Kubwa, Khadijo, mama yake Mahat, alifika stendi. Hakuja kusalimu. Alisimama mbele ya meza ya Raho saa ya gari kuingia, wakati watu wamejaa, kwa sababu alitaka watu.

"Raho, kuna msichana Griftu," alisema. "Anaitwa Ifrah. Mama yake amezaa tisa. Idi ikipita tunamleta."

"Mleteni. Sheria inamruhusu."

"Hani atamfulia nepi. Akiona uzito, arudi kwako. Miaka saba tumemlisha, hajatuonyesha hata mimba ya kuharibika."

Raho aliweka kisu chini polepole. "Khadijo, wewe ulizaa mmoja, na huyo mmoja anatembea kama mtu aliyeshuka kwenye ngamia jana. Usije kunifundisha uzazi."

Watu walicheka. Nunow alicheka kuliko wote, na haikujulikana anamcheka nani. Khadijo hakucheka. "Baada ya Idi," alisema. "Andaa kitanda chake."

Raho aliuza hadi jioni. Kila mteja alipata kipande cha hasira zake. Kurudishwa nyumbani kwa ugumba! Mwanamke akirudishwa kwa jina hilo, halimtoki tena. Watamwita hivyo mpaka kaburini, na atakayemposa baadaye atakuwa mzee anayetafuta wa kumkanda miguu. Raho aliapa mbele ya magunia yake kwamba Hani hatarudishwa, hata ikibidi yeye aende kulala mlangoni kwa Khadijo.

Si kwamba alikuwa amekaa bure miaka hiyo saba. Alimnywesha Hani mafuta ya nundu ya ngamia mpaka binti akawa anatapika akisikia harufu ya nyama. Alimpeleka Elwak kwa bibi mmoja wa mizizi. Alileta maji ya kusomewa Kurani kwenye madumu. Alimkandisha tumbo kwa wakunga watatu, na wa tatu alimwachia alama. Hani alimeza, alilala, alikandwa, wala hakusema neno. Kumpima Mahat hakukumjia Raho akilini hata siku moja; mwanamume mzima, mwenye ndevu na lori, apimwe nini?

Ila alikumbuka kwamba mwaka uliopita Hani aliwahi kutaja kliniki moja ya binafsi karibu na soko la mifugo. Alipouliza majibu, Hani alisema tu kwamba ni mambo ya Mungu. Kesho yake asubuhi Raho alijitosa huko.

Mhudumu alikuwa Kanchora, Mborana mpole mwenye miwani. Kwa kuwa hawakuwa na lugha moja ya nyumbani, waligombana kwa Kiswahili.

"Wewe ndio nabima watu ya kuzaa?" Raho alisema kabla ya kuketi. "Mtoto yangu alikuja hapa na bwana yake. Hani. Nambie nani iko na shida."

"Mama, karibu kiti. Hilo siwezi kukwambia. Majibu ni ya wenyewe."

"Mimi ndio nimezaa yeye! Besa unataka?"

"Sitaki pesa, mama." Kanchora alitazama vidole vya Raho, vilivyoiva kijani hadi kwenye kucha. "Unauza miraa?"

"Nauza. Kwani naiba?"

"Hapana. Lakini kuna kitu nawaambia wote wanaoingia hapa, si siri ya mtu. Mwanamume akitafuna kila siku, na sigara juu yake, halafu usingizi ukikataa anautafuta kwa tembe au kwa chupa, mbegu zake zinapungua na zinachoka. Akiacha vyote hivyo miezi mitatu au minne, wengi tunaona afadhali. Lakini lazima aache kweli."

Raho alisimama. Alihisi ametukanwa kazi, na kutukanwa kazi kwake kulikuwa kutukanwa mzazi. "Baba yangu alitafuna, akazaa kumi na moja! Wewe nataka niharibia biashara, sema tu!"

"Baba yako alitafuna kila siku, mama? Au siku ya harusi na siku ya kikao?"

Raho alitoka. Aliubamiza mlango mpaka karatasi zikaruka mezani. Njiani alimlaani Kanchora, na miwani yake, na masomo yake. Alipofika nyumba ya Hani, mtaa wa nyuma wa Waberi, bado alikuwa analaani. Mahat alikuwa safarini. Hani alikuwa uani anafua.

"Yule daktari wenu ni mwendawazimu," Raho alianza. "Anasema miraa inaua mbegu za wanaume. Nilitaka kumpiga na kiatu."

Hani aliacha kufua. Maji yalimchuruzika viganjani. "Amekwambia hivyo?"

"Amenipa mhadhara. Ya kwenu amekataa kusema."

"Basi nitasema mimi," Hani alisema. "Nimechoka kunyamaza. Mimi mzima, hooyo. Nilipimwa kila kitu, mimi mzima. Mahat mbegu zake ni chache, na hizo chache hazina nguvu. Aliambiwa aache miraa, aache sigara, aache zile tembe anazonunua kwa dereva mwenzake, aache na ile chupa anayoficha chini ya kiti cha lori. Ndiyo, anakunywa. Asipokunywa halali, kwa sababu ametafuna. Na akitafuna lazima avute. Kimoja kinaita kingine, na cha kwanza kinatoka kwako."

Raho alitazama vidole vyake vya kijani.

"Aliacha," Hani aliendelea, na sauti yake haikuwa ya mtoto anayezungumza na mama yake. "Siku kumi na moja aliacha. Alitetemeka, alitukana, alilala mchana kutwa, lakini aliacha. Kila kibunda kilichofika niliwapa mbuzi. Nikaja kukuomba usitume, nawe ukaniambia habari za binti za Nunow. Sikuweza kukwambia sababu, alikuwa ameniapisha. Ukatuma viwili! Ukauliza umemkosea wapi! Mahat akaniambia, 'Nikikataa zawadi ya soddoh, mama mkwe wangu, lazima niseme kwa nini, na heri nife kuliko yeye ajue hilo kuhusu mimi.' Akaketi pale kwenye mkeka, akafungua, akatafuna. Mimi nimesimama hapa namtazama. Halafu ukanipeleka Elwak kunywa mizizi."

Mtu mwingine angelia. Mtu mwingine angeomba msamaha, akaketi na bintiye, wakatafuta njia ya kumstiri mwanamume yule na kumtibu kimyakimya. Raho hakuwa na kipaji hicho. Aibu ikimwingia, hutoka upande wa pili ikiwa ghadhabu, na ghadhabu yake haikuwahi kuwa na breki.

"Sitatuma tena," alisema.

"Na atanunua kwingine."

"Hatanunua popote."

"Hooyo, unafanya nini? Hooyo! Usiseme kitu, nimemwapia!"

Raho alikuwa ameshatoka.

Gari lilikuwa limeingia. Wanawake ishirini na kitu walikuwa wameinamia magunia. Raho alipita meza hadi meza, mtandio umemwangukia mabegani, akawaambia: kuanzia leo asiuziwe Mahat, dereva wa lori la buluu. Asiuziwe hata kishina. Anayemuuzia ana ugomvi na mimi.

"Umegombana na mkwe?" mmoja aliuliza.

"Msiuze tu. Sababu ni yangu."

Ingeishia hapo, huenda ingestirika. Lakini Nunow alijifuta mikono, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye magari, "Jamani, mwenzetu amegundua mkwe ananunua kwingine. Au anaogopa mke mpya wa Griftu atakula miraa ya bure. Pole, Raho. Tasa hata mama yake hawezi kumtetea."

Neno hilo, tasa, mbele ya wote, juu ya Hani.

"Tasa ni yeye!" Raho alipiga kelele. "Mahat ndiye! Hani amepimwa, mzima kama maji ya mvua! Mbegu za yule mwanamume zimekauka kwa majani yetu haya, na sigara, na pombe anayoficha chini ya kiti cha lori! Muulizeni!"

Wauzaji waliacha magunia. Hata dereva wa gari la miraa alizima injini asikie vizuri. Bare alikuwa amekaa juu ya pikipiki yake, mdomo wazi, na Raho alipomwona alijua habari hiyo haitahitaji redio. Alihisi utamu, ndiyo, utamu mtupu, kwa muda wa kuvuta pumzi moja. Halafu akakumbuka uso wa Hani uani.

Mahat alifika mjini kesho yake. Hakwenda nyumbani kwanza. Aliegesha lori katikati ya stendi, ng'ombe wakiwa bado ndani wanalia, akaja moja kwa moja hadi kwenye meza ya Raho. Raho alivuta mtandio kwa mazoea. Yeye hakutazama ndara zake. Alimtazama usoni, na Raho akayaona macho ya mkwe wake kwa mara ya kwanza katika miaka saba: mekundu, na yamejaa maji.

"Raho," alisema. Hakusema soddoh, wala eeddo, shangazi. Alimwita jina kama anavyoitwa mchuuzi. "Nilikuwa nakupitia mbali kwa heshima. Kumbe heshima ilikuwa yangu peke yangu."

"Mahat, nisikilize..."

"Binti yako nimemwacha. Nimemwacha. Nimemwacha. Hao wote ni mashahidi, si unapenda mashahidi?"

Akainama, akachomoa vishina vitatu kwenye gunia la Raho, akavitia mdomoni papo hapo mbele yake. Alitafuna taratibu, akatema makapi kando ya mguu wa meza, akarudi kwenye lori.

Kwa hiyo Hani alirudi nyumbani hata kabla ya Idi. Khadijo hakuhitaji kungoja. Hani alikuja na begi moja na beseni alilofulia siku ile, akachukua chumba cha nyuma, akakaa eda yake humo. Hakumtukana mama yake, na afadhali angemtukana. Alipika, alifagia, alimwekea chakula, akamwambia "tayari". Hilo ndilo neno pekee Raho alilopata kwa bintiye kwa miezi mingi.

Na mji je? Mji ulisikia kila kitu na ukachagua wa kumwamini. Khadijo alizunguka akisema mama wa mgumba amezusha uwongo kumchafua mwanawe, na watu waliona ina mantiki. Mwanamume mwenye lori ni rahisi kumwamini kuliko mwanamke mwenye ulimi. Baada ya Idi, Ifrah aliletwa kutoka Griftu, msichana wa miaka kumi na tisa. Harusi ilipita karibu na meza ya Raho ikipiga honi, na wanaume waliketi siku tatu kwenye mikeka kwa bwana harusi, mashavu yamevimba.

Usiku na mchana Raho aliwaza jambo moja. Hakuwaza jinsi ya kumponya Hani. Aliwaza jinsi ya kumkomesha Mahat. Na wiki ya pili baada ya harusi, gari lilipoingia, alipasua gunia, akachagua vishina vyekundu vya juu, akavifunga kwa jani bichi na kukaza kamba mara mbili.

"Mpelekee Mahat," alimwambia Bare. "Mwambie yaliyopita yamepita. Bado ni mkwe wangu mbele ya Mungu. Mama mkwe haachiki."

Bare alitokwa na machozi, mzee wa watu. "Una moyo, Raho. Wallahi una moyo."

Moyo! Raho aliicheka siri yake hadi akatoka jasho. Atafune. Avute. Atafute usingizi chini ya kiti cha lori. Mwaka upite, miaka miwili ipite, yule wa Griftu akae na tumbo bapa, halafu Khadijo aje hapa stendi atuambie safari hii nani tasa. Alichukia vizuri, kwa uangalifu, kama alivyofanya biashara. Hakuruka siku hata moja. Alimchagulia Mahat miraa nzuri kuliko aliyomchagulia alipompenda.

Mahat aliipokea. Alidhani ameombwa radhi mbele ya mji mzima, na Khadijo alidhani hivyo hivyo. Stendi nzima ilimsifu Raho. Hata Nunow alipunguza kicheko.

Jambo moja Raho hakulitarajia. Bare hakurudi mikono mitupu. Alirudi na kidumu kidogo cha maziwa ya ngamia, yaliyofukizwa vizuri, yenye harufu ya moshi. "Ni ya mke mdogo," alisema. "Ameshukuru kwa zawadi. Anasema hana mtu mjini hapa, na wewe peke yako ndiye uliyeikumbuka nyumba yake kwa wema." Raho alitaka kuyamwaga. Lakini maziwa ya Griftu ni maziwa ya Griftu; akayanywa. Kesho yake yakaja tena. Kwa miezi saba kibunda kilikwenda na maziwa yakarudi, na Raho akayanywa kila siku, huku akihesabu tumbo la msichana yule kwa macho ya Bare. "Bado?" alikuwa akiuliza. "Bado," Bare alijibu kwa huruma, na Raho alimeza tabasamu pamoja na maziwa.

Mwezi wa nane wa vibunda hivyo, Ifrah alikuja mwenyewe.

Alikuja saa ya gari. Siku hizo Hani alikuwa ameanza kutoka, akikaa nyuma ya meza kupangusa majani ya mgomba, kimya vilevile. Msichana alisimama na kidumu chake mkononi. Alikuwa amekonda, na alitoa harufu ambayo Raho aliitambua kabla hajasema neno: mafuta ya nundu ya ngamia.

"Assalamu alaykum, eeddo. Mimi ni Ifrah. Nimetaka nikuletee mwenyewe leo." Akaweka kidumu mezani. "Nina ombi, na usinione sina adabu. Mahat usimtumie tena."

Raho alikuwa anafunga kibunda. Vidole vyake viliendelea.

"Siku gari lisipofika, analala kama mtu," Ifrah alisema upesi, kama aliyekariri njiani. "Siku likifika, halali, anakunywa vitu, ananipiga. Mama yake amenipeleka Elwak kwa bibi wa mizizi. Jana ameniambia wamempata mwingine, mimi nirudishwe Griftu. Sijui nina kosa gani. Nimesema labda akipumzika miraa, Mungu atafungua. Wewe ni mama mwema, utanielewa."

Raho alitaka kusema kitu. Kilichomtoka ni kile kilichokuwa tayari ulimini, neno kwa neno: "Unataka akanunue kwa Nunow?"

Nyuma yake Hani alisimama. Jani la mgomba lilimwanguka.

"Abaayo, dada yangu, njoo huku," Hani alisema, na ilikuwa mara ya kwanza mwaka huo stendi kuisikia sauti yake. "Wewe huna kosa. Yeye ndiye aliyepimwa akakutwa na shida, kabla yako. Daktari alimwambia aache miraa na sigara na pombe na tembe, huenda angepona. Mimi nilikunywa mizizi hiyohiyo. Nilikandwa tumbo hilohilo. Acha kunywa. Nenda ukapimwe, chukua karatasi yako, na ukirudi Griftu urudi nayo mkononi."

Ifrah alimtazama Hani. Halafu akamtazama Raho, na kibunda mkononi mwake, na vishina vyekundu vilivyochaguliwa. Hakuwa mjinga msichana yule. Ilionekana usoni jinsi alivyounga jambo moja na lingine.

"Ulijua," alimwambia Raho. "Kila siku ulipotuma, ulijua."

Raho aliikaza kamba mara ya pili.

"Na wewe," akamgeukia Hani, "ulikuwa umekaa hapo nyuma, ukimpangusia majani ya kufungia." Hani aliinamisha kichwa. Ifrah akamrudia Raho. "Miezi saba kila swala ya alfajiri nilikuombea, eeddo. Kabla ya mama yangu. Nilisema, Mungu, mpe Raho afya, hapa Garissa yeye ndiye anayenipenda."

Akachukua kidumu chake mezani, kikiwa kimejaa bado, akakikumbatia kama mtu anayeokoa kitu kwenye moto, akaondoka katikati ya magunia. Hani alimfuata bila kumtazama mama yake, na hakurudi kupangusa majani siku hiyo.

Raho alibaki na kibunda. Kilikuwa kizuri, kimefungwa vizuri. Mbele yake wateja walisukumana wakiita jina lake.

Bare akaja na pikipiki, akafunga breki mbele ya meza. "Haya Raho, kiko wapi kibunda cha mkwe?"

"Leo hakuna."

"Hakuna?" Bare alikitazama kibunda mikononi mwa Raho. "Na maziwa, niyafuate?"

"Hakuna maziwa pia," Raho alisema, akaketi kwenye ndoo aliyokuwa amekalia Hani.